Wepesi wa Utando na Uzito wa Kichuguu

Msomaji, yako majengo mawili yasifiwayo kwa kuwa yalijifunza kwa maumbile. Sifa ni tamu masikioni, lakini kazi ya mhakiki ni kuipima. Basi tuyapime.

La kwanza ni paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich, Ujerumani, la mwaka 1972. Günter Behnisch na wenzake walibuni uwanja, na Frei Otto akasaidia kulipatia paa umbo. Otto alikuwa na desturi ya kuchovya fremu za waya katika maji ya sabuni na kuutazama utando ujitandazavyo. Utando huo hushika eneo dogo kabisa liwezekanalo, na mvuto wake huwa sawa kila upande. Haulegei hapa wala kuzidiwa pale. Kwa somo hilo nyavu za kamba za chuma zilitundikwa juu ya nguzo ndefu, zikafunikwa kwa vipande vya plastiki iangazayo kama kioo. Paa hilo laonekana kama wingu lililoshuka kupumzika.

Lakini uliza: uzito umekwenda wapi? Kamba zilizokazwa hivyo hazina budi kushikiliwa, nazo zilishikiliwa na misingi mikubwa ya saruji iliyozikwa ardhini. Tena, ngozi nyembamba hupitisha joto na baridi upesi. Katika ukumbi wa kuogelea ilibidi dari nyingine itundikwe chini ya paa. Utando ulifundisha nguvu. Haukufundisha raha ya aliye ndani.

La pili ni Eastgate, Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alikitazama kichuguu cha mchwa. Jengo hili ni zito, la matofali na saruji. Usiku, feni husukuma hewa baridi ipite chini ya sakafu, na saruji huuweka ubaridi huo. Mchana ubaridi huwarudia watu, na hewa ya moto hupanda ikatokea kwenye dohani. Kwa hiyo jengo halikuhitaji mitambo ya kawaida ya kupoza hewa.

Hata hivyo hadithi yake ina dosari. Mwaka 2008 J. Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba kichuguu hakipozwi kwa njia iliyodhaniwa: joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, na kichuguu hufanya kazi zaidi kama pafu. Mwalimu alisikiwa vibaya, lakini mwanafunzi alifaulu.

Kwangu mimi Eastgate ni bora. Munich hushibisha macho; Harare huhifadhi mwili, na nyumba hujengwa kwa ajili ya mwili kwanza. Lakini usikimbilie kuiga. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wake una ubaridi wa kuwekwa akiba. Mombasa usiku ni wa joto; saruji ingeweka nini? Wazee walisema, mwiga tembo hupasuka msamba. Ukisikia jengo likisifiwa kwa kufanana na kiumbe, ingia ndani, keti saa ya jua kali, kisha toa hukumu yako.