Fundi Asiyebahatisha

Taa za mchana hazimmulikii dereva njia. Jua likiwa limewaka hazimwonyeshi shimo wala tuta. Kazi yake ni kulitangaza gari kwa wengine: kwa bodaboda anayechomoka kwenye kichochoro cha Katwe hapa Kampala, kwa mwanafunzi anayetaka kuvuka barabara ya Entebbe, kwa dereva wa basi anayepima kama nafasi ya kulipita lori inatosha. Ndiyo maana zikizimika mwenye gari hukaa muda mrefu bila habari, mpaka askari wa getini au jirani amwambie. Na fundi anayeziwasha upya anafanya kazi ambayo faida yake kubwa inakwenda kwa watu asiowajua, wasiojua hata kwamba aliwahi kuishika mita kwa ajili yao. Kazi ya namna hiyo hustahili kusifiwa kwa sauti.

Taa hizi zilianzia kaskazini mwa dunia. Finland iliagiza magari yawashe taa mchana kwenye barabara za nje ya miji wakati wa baridi mwaka 1972. Sweden ikafuata mwaka 1977 kwa mwaka mzima. Kanada ikaziwekea sheria kwa magari mapya mwishoni mwa 1989. Na Umoja wa Ulaya ukazidai kwenye aina mpya za magari kuanzia 2011. Huko jua la majira ya baridi hukaa chini na mchana hauna nguvu. Kampala haifiki hata digrii moja kutoka Ikweta. Ukishika barabara ya Masaka, kilomita sabini na kitu tu, umefika Kayabwe penye mstari wenyewe. Mtu ana haki ya kuuliza: taa za mchana za nini kwenye jua la utosini?

Jibu liko barabarani. Mwanga mkali huchosha jicho, na jicho lililozoea lami inayong'aa halilioni upesi gari la kijivu lililo kwenye kivuli cha miti. Ongeza vumbi la murram, ongeza mvua za Aprili na Novemba zinazogeuza saa nane ya mchana kuwa kama magharibi, ongeza bodaboda wanaopita kulia na kushoto, utaona kwamba kuonekana mapema ni sehemu ya usalama hapa kama ilivyo Helsinki.

Ugumu wa kazi hii Kampala unatokana na magari yenyewe. Mengi ni yaliyotumika Japani, nchi ambayo nayo, kama Uganda, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Lakini kanuni za Japani hazikuzipa nafasi taa za mchana za namna ya Ulaya mpaka 2016, kwa hiyo magari mengi ya kabla ya hapo yalifika bila hizo taa, na wenye magari wakajiwekea: vipande vya LED vilivyonunuliwa soko la Kisekka, waya ukavutwa kutoka popote penye umeme. Wakati huohuo sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na yanayoingia sasa yanazidi kujaa kompyuta. Fundi mmoja, siku moja, chini ya mwembe mmoja, anaweza kukutana na gari ambalo taa yake inawashwa na rilei, jingine ambalo inaamriwa na kompyuta, na la tatu ambalo hakuna mchoro wowote duniani unaoeleza waya wake umepita wapi.

Fundi wa kubahatisha huanza na bisibisi. Fundi hodari huanza na maswali. "Mzee, iliacha kuwaka lini? Uliosha injini karibuni? Kuna kitu umefungiwa hapa, redio, kamera, kengele ya wizi?" Hapo ndipo methali ya mficha uchi hazai inapopata maana yake kamili, kwa sababu mteja anayeona haya kusema kwamba shemeji yake alijaribu kufunga taa za ziada Jumapili anamficha daktari ugonjwa. Kisha huuliza swali ambalo wengi hulisahau: je, hii ni hitilafu kweli? Kuna magari ambayo taa za mchana huzimika ukivuta breki ya mkono. Kuna yanayofifisha taa ya upande mmoja kwa makusudi unapowasha indiketa, ili indiketa ionekane. Kuna yenye sensa inayopima mwanga na kuamua yenyewe. Kulijua gari linavyotakiwa kufanya ni nusu ya kujua lilivyoharibika, na heshima ya kwanza ya fundi ni kuweza kumwambia mteja: nenda zako, gari lako ni zima.

Kama hitilafu ipo, swali linalofuata ni moja tu: imezimika taa moja au zote mbili? Zikizimika zote mbili, ni nadra balbu mbili kufa kwa pamoja. Kosa litafutwe pale zinapokula sahani moja, yaani kwenye fyuzi, rilei, swichi, sensa au kompyuta. Ikizimika moja, vingi kati ya vitu hivyo vimeshajitetea, na macho yaelekee upande ule: balbu, soketi, waya na mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Kwa swali hilo moja, lisilogharimu hata shilingi, nusu ya gari imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Sijui kazi nyingi za mikono ambazo mantiki yake iko wazi namna hii.

Kinachofuata ndicho kinachomtenganisha bingwa na mwanafunzi. Mwanafunzi hutoa balbu, huchomeka mita kwenye soketi, huona volti 12, hutangaza kwamba umeme upo na balbu ndiyo mbovu. Balbu mpya inanunuliwa, nayo inawaka kwa unyonge. Bingwa anajua kwamba soketi tupu inaweza kudanganya. Waya wenye nyuzi kadhaa za shaba unaweza kuwa umekatika nyuzi zote ukabaki mmoja tu, na uzi huo mmoja unatosha kuionyesha mita volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Mzigo ukiwekwa, uongo unafichuka. Kwa hiyo yeye hupima taa ikiwa imeunganishwa na imeamriwa kuwaka.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana uzuri wake uko hapo. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 1.75, maana yake ikiwa inawaka ina ukinzani wa karibu ohm 7. Kiungio kimoja kilichoota kutu ya kijani kikiongeza ohm 1 tu, balbu hubakiwa na kama volti 10 na nusu. Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini mwanga wa balbu ya waya hauanguki sawasawa na volti. Huanguka kwa kasi zaidi, na hapo zaidi ya theluthi yake imekwisha kupotea. Taa inawaka, mwenye gari ameridhika, na anayekuja mbele ameibiwa theluthi ya mwanga.

Ili kuukamata mwizi huyo, bingwa hupima njia mbili. Huweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya balbu inayowaka: kila volti inayosomeka hapo ni volti iliyopotea njiani. Kisha hurudia upande wa hasi, kutoka kwenye balbu hadi kwenye betri. Upande wa hasi ndio unaodharauliwa, na mara nyingi ndio wenye kosa, kwa kuwa waya wake hufungwa kwa nati moja kwenye bati la bodi, karibu na taa, mahali maji ya kuoshea magari na tope la msimu wa mvua hufika kwanza. Nati inafunguliwa, bati linapigwa msasa mpaka ling'ae, grisi kidogo inapakwa, inakazwa. Usomaji uliokuwa volti moja na nusu unashuka mpaka karibu na sifuri, na taa inashika nguvu zake mbele ya macho yako. Hakuna kilichonunuliwa.

Magari ya kompyuta yameleta mtego mpya. Mengi huzipunguza taa za LED usiku kwa kuzizima na kuziwasha mara nyingi kwa sekunde, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Mita ya kawaida husoma wastani, labda volti 6 au 7, na asiyejua huanza kuufukua waya mzima akitafuta kutu ambayo haipo. Mashine ya kusoma makosa nayo husaidia, lakini husema tu ni njia ipi yenye tatizo. Haisemi kama ni panya, maji au mkono wa mtu. Mafundi waliojifunza kwa rilei wameyachukua haya yote juu ya ujuzi wao wa zamani, wengine wakipitia vyuo kama kile cha ufundi cha Nakawa kilichojengwa kwa msaada wa Japani, wengi zaidi wakiinama kando ya fundi mkubwa kuanzia enzi za kushika tochi.

Na mwisho wa uchunguzi kuna ukarabati, ambao nao una adabu yake. Fyuzi ya ampea 10 haibadilishwi kwa ya 30 kwa sababu tu ile ndogo inakatika. Fyuzi inayokatika inatoa ushahidi, na kuinyamazisha ni kuukaribisha moto kwenye waya. Kiungio hulehemiwa na kufunikwa, hakisokotwi kwa vidole na kuzungushiwa utepe. Taa zilizoongezwa hupewa fyuzi yake na rilei yake.

Nikisema haya nina neno kwa sisi wateja. Tumezoea kulipia kifaa bila ubishi na kubishania uchunguzi. Fundi aliyetumia saa mbili kuthibitisha kwamba taa yako ni nzima na kosa ni nati moja hupewa fedha ya soda. Aliyekuuzia taa mpya usiyoihitaji hulipwa kikamilifu, na hitilafu hurudi baada ya wiki. Kwa bei hizo tunawafundisha vijana wa gereji za Ndeeba na Katwe kwamba kufikiri hakulipi, kuuza kunalipa. Basi tupatane ada ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, na tuilipe hata kama jibu ni kwamba gari halina ubovu. Fundi anayelipwa kwa ukweli anaweza kumudu kuusema, na kwa taa ambazo mwenyewe huzioni ukiwa nyuma ya usukani, ukweli wa fundi ndio ulinzi pekee alionao yule anayekuja mbele yako.