Uzito wa "Wa": Majina ya Watu Gachoka na Uingereza

Riwaya ya A Grain of Wheat (1967) ilitoka kwa jina la James Ngugi. Petals of Blood (1977) kwa jina la Ngugi wa Thiong'o. Wengi hutazama kuondoka kwa James, jina la Kibiblia ambalo Waingereza nao walilipokea kwa wageni. Lililo zito zaidi ni kurudi kwa "wa". Jina Johnson, yaani mwana wa John, liliganda likawa la ukoo, hata kwa asiye na baba John. Gachoka, katika nchi ya Wambeere, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba: Ireri wa Njeru humzaa Njeru wa Ireri. Fomu idaiyo jina moja la ukoo huuvunja mzunguko huo, ubatizo hauuvunji.