Hewa ya Mbeya na Mkono wa Fundi

Gari lililoshuka bandarini Dar es Salaam na nguvu zake zote hufika Mbeya likiwa limepungukiwa, na wala hakuna aliyeliibia kitu. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kuliko pwani kwa karibu asilimia 18. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuunguza sawasawa kilo moja ya petroli. Hewa ikiwa nyepesi, kompyuta ya gari hupunguza na mafuta, na dereva anayeitafuta Chunya kwa kupanda miinuko ya Kawetere hukanyaga mpaka mwisho gari likiwa bado linasita. Ndiyo maana vijana wa Mwanjelwa hapa mjini wenye Toyota za GX100 na Altezza hutamani kung'oa boksi la filta la kiwandani wakafunga bomba pana lenye filta ya koni. Siwalaumu hata kidogo. Hamu ya kuipa injini hewa zaidi ina mantiki huku juu kuliko Kariakoo.

Lakini koni inayong'aa ndiyo sehemu rahisi ya kazi hiyo. Ufundi wenyewe uko kwenye viungo: pale mpira unapokutana na chuma, pale klampu inapobana.

Niliwahi kusimama kando ya fundi mmoja, nyuma kidogo ya soko la Mwanjelwa, wakati wa kiangazi ambapo vumbi haliachi mtu salama. Mteja alikuwa amefunga bomba lake mwenyewe nyumbani, na tangu hapo taa ya cheki injini haikuzimika. Fundi hakushika spana. Aliwasha gari, akaweka kiganja juu ya hosi ya mpira iliyo kati ya sensa ya hewa na injini, akaipinda kidogo kuelekea kwenye betri. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikashuka, injini ikatetemeka. Akaiachia, ikatulia. Akaipinda tena.

"Kaka, hapa inavuta hewa pembeni," akasema.

Alipoichomoa, ufa ulionekana ndani ya kunjo la hosi, mwembamba kama unywele. Sensa huhesabu hewa inayopita kwake tu. Inayoingia nyuma yake haina hesabu, kwa hiyo kompyuta hutoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, injini ikakosa nguvu ileile iliyokuwa ikitafutwa. Fundi akakata kipande cha hosi mpya, akafuta ncha za bomba kwa kitambaa, akakaza klampu kwa bisibisi taratibu, na akaacha mara tu mpira ulipoanza kuvimba kwenye matundu ya klampu. Zaidi ya hapo ungekatika. Kisha akakunja bamba la chuma, akalivisha mpira wa tyubu kuukuu, akalishikiza bomba lisicheze barabarani. Shikizo hilo halimo kwenye boksi la spea linalouzwa dukani. Limetoka kichwani mwake.

Kuna jambo la pili ambalo mwenye gari huwa halioni mpaka aelezwe. Waliotengeneza boksi la kiwandani waliliwekea mdomo wa kuvutia hewa nyuma ya taa au kwenye ubavu kwa sababu: hewa ya hapo ni baridi. Hewa ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hupoteza karibu asilimia 3 ya uzito wake. Koni iliyoachwa wazi jirani na eksozi humeza hewa ya moto, ikanguruma kwa fahari, na mwenyewe akadhani ngurumo ndiyo nguvu. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu ni zawadi kwa injini, na fundi mzuri hukata ukuta wa bati kuitenga koni na joto ili zawadi hiyo isipotee.

Halafu vumbi. Lina mchanga laini unaokwangua ringi na silinda, mpaka gari linaanza kula oili. Wanaojua barabara za Afrika Mashariki hawakulichukulia kimchezo. Magari ya Safari Rally, kama Toyota Celica aliyoshindia Mkenya Ian Duncan mwaka 1994, yalikuwa na bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, mbali na maji na vumbi. Na ukinunua filta ya pamba inayopakwa oili, paka kidogo. Ikizidi itaenda kugandia kwenye waya wa sensa.

Je, ujifungie mwenyewe au uende gereji? Mimi niko upande wa mikono ya mwenye gari mpaka kwenye filta. Fungua vibanio, tumia spana namba 10, toa filta, itazame kwenye mwanga, ujue gari lako linavuta nini. Kila mwenye gari aweze hilo. Pakishahitajika kukata hosi, kutengeneza shikizo na kusikiliza sailensa, mpelekee fundi, ukae hapohapo umtazame akifanya.

Na umlipe bila kinyongo. Inaniuma kumsikia mtu akilalamika kwamba fundi amekaza skrubu mbili tu. Kiganja kilichojua pa kupinda kimefundwa miaka mingi chini ya maboneti ya watu, mara nyingi bila cheti chochote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Fundi wako kama hajausikia, mwambie. Lile boksi la kiwandani nalo usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu. Liweke stoo, maana siku ya kuliuza gari mnunuzi makini ataliulizia.