Ulimwona kwa Taa Gani?

Stima zilikuwa zimepotea Gatina, mtaani kwetu Kawangware. Tulikaa watatu kitandani, mimi, mdogo wangu na binamu yetu, tumeinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Mchezo ulikuwa wa mahakamani, Phoenix Wright: Ace Attorney, kazi ya Mjapani Shu Takumi iliyotoka mwaka 2001. Nilisoma Kiingereza nikiwatafsiria papo hapo. Shahidi aliapa kuwa alimkuta marehemu saa saba mchana, na kwamba saa hiyo aliisikia kwenye televisheni ya mle nyumbani.

Binamu akaruka. "Ngoja, kaka! Si tumeambiwa jengo zima halikuwa na stima? TV gani hiyo?"

Mtoto wa Kawangware hafundishwi mambo ya stima. Tulifungua ushahidi, tukachagua hati ya umeme kukatika, tukampinga. Uso wa shahidi, uliokuwa ukitabasamu, ukabadilika.

Naupenda ufundi huo kwa dhati. Michezo ya aina hii ni maneno, muziki na picha za nyuso zilizotulia. Risasi hupigi hata moja. Mtunzi huutandaza ukweli mbele yako tangu mapema, ndani ya neno linalopita kama salamu, kisha huketi kukungoja. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, msomaji aliweza kufungua ukurasa unaofuata hata kama hakung'amua chochote. Bwana Msa angemfumbulia. Nyanya naye, tukishindwa kitendawili, alikubali mji na kutupa jibu. Mchezo huu haupokei mji. Usipotegua, husongi mbele.

Wajapani wameinoa kazi hii kwa miaka. Yuji Horii alitoa mchezo wa kesi ya mauaji ya Portopia mwaka 1983. Mwaka 1994 Kamaitachi no Yoru ikawachora watu kama vivuli vya buluu, msomaji akabaki kuzipaka nyuso zao hofu yake mwenyewe. Danganronpa ya 2010 iliwafungia wanafunzi shuleni, wakauana na kuhukumiana wenyewe kwa wenyewe. Uchungu wake ni kwamba muuaji unayemtafuta ni mtu uliyemzoea.

Mama huniuliza kwa nini nitafute vifo kwenye simu ilhali mtaani vipo. Ndiyo sababu, Mama. Mtaani mtu akiokotwa amekufa alfajiri, kufikia adhuhuri kuna hadithi kumi, na kila moja ina mtu wa kuiapia. Baada ya mazishi, kimya. Ndani ya mchezo, kila kauli huwekwa kando ya ushahidi, na hakuna anayeondoka bila kuulizwa. Giza la mchezo linanifariji kwa sababu lina mwisho.

Juma moja baada ya mchezo wetu ule, jirani alimkamata kijana mmoja shati, akipiga kelele kuwa amemwona usiku akibeba mtungi wake wa gesi. Watu walianza kujaa. Sote tunajua kelele ya mwizi inavyoweza kuishia hapa kwetu. Binamu alipenya katikati yao, akasema kwa adabu:

"Samahani, mama. Usiku ule stima zilikuwa zimepotea. Ulimwona kwa taa gani?"

Mama yule akafikiri. Kisha mkono wake ukaliachia shati.