Chuo cha Chang'ombe na Darasa la Kiganjani

Ikiwa yako majengo katika Temeke yanayostahiki taadhima, basi mojawapo ni chuo cha ufundi cha Chang'ombe, kilicho chini ya VETA, mamlaka iliyoasisiwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1994. Kwani hapo vijana wa Tandika, Mbagala na hata Manzese ya Ubungo, ambao aghalabu hawakurithi mtaji wala jina, hupatiwa ilimu ya mikono. Mwaka 2016 VETA, kwa kushirikiana na kampuni ya Airtel, ilizindua programu ya VSOMO, ambayo kwayo kijana aliyeshinda juani akibeba mizigo ya watu huweza usiku kusoma nadharia ya ufundi katika simu yake, kisha akaja chuoni kwa mafunzo ya vitendo.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolisifu kuliko yote. Kabureta ya pikipiki haisafishwi kwa kutazama picha: huna budi uifungue, uzibue vitundu vyake vyembamba kama unywele, uifunge, kisha uisikilize injini, na fundi hodari aliye ubavuni hutambua kwa mlio tu kwamba hewa imeizidi petroli. Simu, pamoja na hila zake zote, haijajaliwa sikio hilo.

Bando nalo hukatika katikati ya somo, na udhia huo si haba. Hata hivyo, kwa asiyeweza kuacha kibarua chake, kusoma usiku ni fursa adhimu, na waliomfungulia mlango huo wanastahiki shukrani zetu.