Mwanamke Aketiye Uani: Uhakiki wa Sanamu ya Henry Moore

Mwanatheolojia anayehakiki sanamu ya mahali pa wazi hana budi kuuliza maswali mawili: imeumbwaje, na imewekwa kwa ajili ya nani? Katika kazi ya Henry Moore iitwayo Draped Seated Woman (1957–58), maswali haya hayatenganishwi.

Ni mwanamke wa shaba nyeusi, mkubwa kuliko kimo cha binadamu, ameketi. Kichwa ni kidogo, na uso umerahisishwa hata usiweze kuwa wa fulani. Uzito wote umo katika mapaja na mikunjo ya nguo, inayokumbusha michoro ya Moore ya watu waliojifunika katika stesheni za chini ya ardhi, London iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1940 na 1941. Hapo ndipo udhahania wake unapopata nguvu: asiye na uso wa mmoja aweza kuwa mama wa wengi.

Mwaka 1962 serikali ya mitaa ya London iliinunua, naye Moore akakubali bei nafuu. Ikawekwa Stifford, Stepney, kati ya majengo marefu ya nyumba za umma. Watoto waliipanda, wenyeji wakaiita Old Flo. Majengo yalipobomolewa, ilihamishiwa Yorkshire mwaka 1997. Mwaka 2012 halmashauri ya Tower Hamlets, ikibanwa na upungufu wa fedha, iliamua kuiuza.

Hoja hiyo twaifahamu tangu Bethania, marhamu ya dinari 300 ilipomwagwa. Tusiwe wepesi kumwita Yuda kila aisemaye, kwa maana mwenye njaa hashibi shaba. Hata hivyo, hoja hiyo hudhani kwamba uzuri ni wa wenye nacho. Luther, alipowazuia wavunja sanamu huko Wittenberg mwaka 1522, alifundisha kuwa kosa limo moyoni. Basi moyo uonao katika sanamu bei yake tu nao una mungu wake.

Mauzo hayakufanyika. Mwaka 2017 sanamu ilirudishwa Tower Hamlets, ikawekwa Cabot Square, Canary Wharf, kati ya majumba ya mabenki. Kutouzwa kwake twakusifu; mahali pake twapahoji. Umbo ni lile lile, lakini aliyeketi kati ya wakaaji sasa amezungukwa na wapita njia waendao kazini. Nasi tunaojenga na kupamba makanisa, tukiisha kuhesabu gharama, tuulize pia ni watoto wa nani watakaocheza karibu na kazi hiyo.