Ufundi wa Mwalimu wa Mbotela

Mtoto aliyecheleweshwa na foleni ya maji, sare yake imelowa begani pale ulipokaa mtungi, husimama mlangoni pa darasa akingoja mambo mawili, swali na kicheko. Na katika shule moja ya msingi mtaani Mbotela, Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo, nalimwona mwalimu wa makamo akimwepusha navyo vyote viwili. Hakumkazia macho, wala hakutaja saa. Alimnyoshea kifutio akasema, "Afadhali umefika, mwanangu, njoo utufutie ubao huu". Na yule kijana, aliyekuja kama mshitakiwa, akaingia kama mwenye shughuli, akazifuta hesabu za jana taratibu mpaka pumzi zikamrudi, na wale waliokwisha kujitayarisha kwa mzaha wakakosa pa kuanzia. Habari ya maji aliiuliza baadaye, wakati wa mapumziko, kwa sauti ya chini, wenzake wakiwa uwanjani. Msichana wa dawati la mbele, pasi na kuambiwa, alisogea akamfunulia daftari lake anakili yaliyompita.

Huo ndio ufundi ninaousifu, na aghalabu mwenye kuwa nao hajui kwamba anao.

Mtaa wenyewe umepewa jina la Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Ukoo huo wa Frere Town, uliotokana na watumwa walioachwa huru, ndio uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), na Leonard Mambo Mbotela, ambaye tangu 1966 aliwauliza Wakenya redioni, katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, maswali ya murua ambayo wazee waliyauliza barazani. Alifariki mwaka 2025, na sijamsikia aliyeishika nafasi yake.

Siku hizi hisani imekuwa ya kubandikwa ukutani. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kujaribiwa 2017, umetaja upendo, heshima na uadilifu miongoni mwa maadili yake, nasi twashukuru. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika na fomu zisizokwisha atapata wapi faragha ya kumwuliza mtoto mmoja habari za kwao? Wala sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema: kiboko, kilichopigwa marufuku mwaka 2001, kilifundisha hofu, tukaidhani kuwa adabu. Ninalolisikitikia ni lile tuliloliacha nyuma tukikimbilia alama, tangu mtihani wa KCPE wa kwanza mwaka 1985 hadi wa mwisho 2023, miaka ambayo mzazi aliijua nafasi ya mwanawe darasani, asimjue anayeketi naye dawati moja.

Basi, ewe mzazi wa Mbotela, na wa Makongeni na Maringo pia, utakapoitwa shuleni, ukisha kuuliza alama, muulize mwalimu mwanao amemsaidia nani muhula huu. Na akiweza kukujibu, mshukuru, maana kazi hiyo haimo katika mshahara wake.